Deni dogo la simu linavyoweza kumfungia mkulima mlango wa benki

WAHENGA walisema dawa ya deni ni kulipa. Usemi huo bado ni kweli, lakini kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa leo haujitoshelezi. Deni linaweza kulipwa lote, pamoja na riba na faini, na bado mkopaji akaenda benki miaka miwili baadaye na kuambiwa kuwa maombi yake hayakupita. Kidonda kimepona lakini kovu limebaki, tena limehifadhiwa kwenye kompyuta ambayo mwenyewe hajawahi kuiona.

Chukulia mfano wa mkulima wa mahindi anayekwenda benki mwezi Oktoba kuomba Sh2 milioni za mbolea na mbegu. Ana ekari nne, ana jembe la kukokotwa na ng'ombe, na kijijini hakuna anayemdai. Ofisa mikopo anaingiza namba ya kitambulisho chake, anasoma kwa muda, kisha anamuuliza kuhusu Sh40,000 alizokopa kwa simu miaka miwili iliyopita na kuzirudisha baada ya miezi saba. Mkulima alishasahau kabisa. Alilipa alipouza mahindi yake, na kwa hesabu zake jambo hilo liliishia hapo.

Mfano huo ni wa kuonyesha tu jinsi mambo yanavyokwenda, lakini utaratibu wenyewe ni wa kweli, na ndio unaozidi kuamua nani apate mtaji na nani aukose.

Daftari la duka na kanzidata ya benki

Kumbukumbu za madeni si jambo geni vijijini. Kila mwenye duka ana daftari, na humo yameandikwa majina ya waliochukua sukari, mafuta ya taa, dawa ya kuulia wadudu au mfuko wa mbolea kwa ahadi ya kulipa baada ya mavuno. Tofauti ni kwamba mwenye daftari anaishi palepale. Aliona mvua ilipokatika mwezi Februari, na anajua nani aliuguliwa na nani aliuza mahindi yake akaishia kunywa pombe. Anapoamua kumkopesha mtu tena au kumnyima, hasomi tarakimu peke yake, bali anakumbuka na sababu.

Kanzidata ya wakopaji haina sababu. Ina jina, namba ya kitambulisho, kiasi cha deni, tarehe ya kulipa na idadi ya siku za kuchelewa. Aliyecheleweshwa na ukame na aliyetoroka na fedha za watu wanaandikwa kwenye safu ileile kwa tarakimu zilezile.

Nchini Tanzania, msingi wa utaratibu huu ni Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 na kanuni za taarifa za wakopaji za mwaka 2012. Benki zinatakiwa kupeleka taarifa za wateja wao waliokopa kwenye kanzidata iliyo chini ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT), na kampuni zenye leseni huziandaa taarifa hizo na kuwauzia wakopeshaji ripoti. Leseni za kwanza zilitolewa mwaka 2013 kwa kampuni mbili, Creditinfo na Dun & Bradstreet. Kenya ilitangulia, kwa kuwa kanuni zake za kwanza ni za mwaka 2008 na kazi ilianza mwaka 2010. Kwa sababu hiyo, yaliyotokea Kenya yanafaa kutazamwa kwa makini na kila mkulima wa upande huu wa mpaka.

Somo kutoka Kenya

Mwanzoni mabenki ya Kenya yalipelekeana habari mbaya tu, yaani majina ya walioshindwa kulipa. Aliyelipa vizuri kwa miaka 10 hakuwa na kitu cha kuonyesha. Kanuni za mwaka 2013 ndizo zilizofungua njia ya habari nzuri pia kuingizwa, ili mkopaji mwaminifu aweze kutambulika na kupewa riba nafuu.

Lakini wakati huohuo simu ilikuwa imeshaingia kazini. Novemba 2012 Safaricom na benki ya CBA walianzisha M-Shwari, huduma iliyomwezesha mteja wa M-Pesa kukopa bila kufika benki. Mkopo ulikuwa wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Nyingine zilifuata, na baada yake zikaja programu nyingi za simu ambazo hazikuwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Kenya (CBK). Watu walikopa Sh500 ya Kenya ya nauli, wengine Sh800 ya chakula. Walioshindwa kurudisha kwa wakati majina yao yalipelekwa kwenye kampuni za taarifa za wakopaji, ambazo Wakenya huziita CRB kwa kifupi.

Matokeo yake, mtu aliyedaiwa fedha isiyotosha kununua mbuzi aliwekwa kwenye orodha moja na aliyedaiwa mamilioni. Kwa kanuni za Kenya, habari mbaya hukaa kwenye kumbukumbu kwa miaka mitano tangu deni lilipomalizwa kulipwa. Si mikopo peke yake iliyoguswa, maana baadhi ya waajiri walianza kudai cheti cha CRB kutoka kwa waombaji wa kazi.

Serikali ililazimika kurudi nyuma mara mbili. Aprili 2020 CBK ilizuia kuorodheshwa kwa deni lililo chini ya Sh1,000 ya Kenya, ikaagiza walioorodheshwa kwa madeni madogo kama hayo waondolewe, ikafuta ada ya cheti kwa anayekiomba mara ya kwanza, na ikawanyang'anya wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina. Novemba 2022 ikaja hatua kubwa zaidi. Benki zilielekezwa kutoa punguzo la angalau asilimia 50 kwa mikopo ya simu ya siku 30 au chini ya hapo ambayo ilikuwa haijalipwa, ili mkopaji alipe iliyobaki hadi mwisho wa Mei 2023 na hadhi yake irekebishwe. Kwa maelezo ya CBK yenyewe, mikopo hiyo ilikuwa na thamani ya takriban Sh30 bilioni za Kenya na iliwahusu watu milioni 4.2. Fedha zote hizo hazikufikia hata asilimia moja ya mikopo ya mabenki nchini humo.

Tarakimu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinasema jambo zito. Sehemu ndogo sana ya mikopo ya nchi ilikuwa imewafungia mlango watu zaidi ya milioni nne.

Siku 30 dhidi ya msimu mmoja

Kuna kasoro moja ambayo punguzo na msamaha havikuigusa, nayo ndiyo inayomhusu mkulima zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Kumbukumbu hizi zinahesabu siku, wakati shamba linahesabu misimu.

Katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, mkulima wa mahindi hupanda Novemba au Desemba na kuvuna Juni au Julai. Fedha anazihitaji zaidi Desemba na Januari, wakati wa mbolea na palizi, na ndio wakati ambao hana kitu mfukoni. Akikopa kwa simu siku ya kwanza ya Desemba, deni linaiva siku ya mwisho ya mwezi huohuo. Mahindi wakati huo hayajafika magotini. Mkulima huyo hajakataa kulipa wala hajapata hasara, ila bidhaa yake haijafika sokoni.

Kwa taratibu za kibenki, mkopo uliochelewa zaidi ya siku 90 huhesabiwa kuwa chechefu. Mkulima wa mfano wetu anakuwa chechefu kabla mahindi yake hayajakauka, na anapouza Julai na kulipa kila senti, tayari ameandikwa kuwa amechelewa kwa zaidi ya siku 180. Mashine inamsoma kama mtu asiyeaminika, ilhali kwa kalenda ya shamba amelipa siku ileile alipopata fedha.

Muuza duka, mama lishe au mchuuzi wa nyanya sokoni yuko katika hali tofauti. Huyo huuza kila siku, na mkopo wa mwezi mmoja unaweza kumzungushia bidhaa mara nne kabla ya kulipa. Kwake mkopo wa simu ni chombo kinachofaa, ilimradi faida ya mzunguko inazidi ada. Kwa mkulima chombo hichohicho ni mtego, hata kama ada yake ni ndogo. Hata Mfuko wa Hustler, ulioanzishwa na Serikali ya Kenya Novemba 30, 2022 kwa riba nafuu ya asilimia 8 kwa mwaka, ulianza na mkopo wa mtu binafsi unaotakiwa kurudishwa ndani ya siku 14. Riba ni nzuri, lakini hakuna zao la nafaka linaloiva kwa siku 14.

Tanzania inapita njia ileile

Upande wa Tanzania, mikopo ya simu ilipata nguvu baada ya Vodacom na benki ya CBA kuanzisha M-Pawa mwaka 2014, kisha kampuni nyingine za simu zikaja na huduma zao. Sambamba na hizo ilizuka mikopo ya mitaani inayoitwa kausha damu, na baadaye programu za simu zisizo na leseni ambazo zilifika hadi kuwatumia ujumbe ndugu na marafiki wa mkopaji kumtangaza kuwa hajalipa. Novemba 2024 BoT ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, na kuwataka wananchi wajiepushe nazo.

Hatua hiyo ilihitajika. Hata hivyo, kufungia programu zisizo na leseni hakubadilishi hesabu ya siku na msimu kwa wakopeshaji wenye leseni. Mkopo halali wa siku 30 unaweza kumharibia mkulima jina sawasawa na usio halali, tena zaidi, kwa sababu mkopeshaji halali ndiye mwenye njia ya kupeleka taarifa pale ambapo benki itaziona.

Gharama ya jina kuharibika

Wapo wanaosema mkulima mdogo hana haja ya kujali, kwa kuwa benki hazikuwa zikimkopesha hata zamani. Hoja hiyo ilikuwa na uzito miaka ya nyuma, lakini sasa imepungua nguvu. Julai 2021 BoT ilitangaza mfuko wa Sh1 trilioni wa kuzikopesha benki kwa asilimia 3, kwa masharti kuwa benki hizo zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Fedha za bei nafuu zipo, na moja ya milango ya kuzifikia ni ripoti ya mkopaji.

Hesabu ni rahisi. Mkulima akikopa Sh2 milioni kwa asilimia 10 kwa mwaka na kurudisha baada ya miezi minane, riba yake ni takriban Sh133,000. Akikataliwa na kwenda kwa mkopeshaji mdogo anayetoza asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa muda huohuo atalipa Sh560,000. Tofauti ni kama Sh427,000. Kwa bei ya ruzuku ya msimu wa 2022/2023, ambapo mfuko wa kilo 50 wa DAP uliuzwa Sh70,000, fedha hiyo ilitosha mifuko sita. Akiangukia kwa kausha damu anayetoza, tuseme, asilimia 20 kwa mwezi, riba peke yake itafika Sh3.2 milioni, zaidi ya mtaji aliokopa.

Hivyo Sh40,000 zilizocheleweshwa zinaweza kugharimu mifuko sita ya mbolea kila msimu, kwa misimu yote ambayo kumbukumbu hiyo itaendelea kusomwa.

Wema usioandikwa

Upande wa pili wa tatizo ni kwamba mambo mazuri ya mkulima kwa kawaida hayaandikwi popote panaposomeka. Mwanachama wa VICOBA anaweza kukopa na kulipa mara 15 bila kuchelewa hata wiki moja. Kumbukumbu hizo zimo kwenye daftari lililofungiwa ndani ya sanduku la kikundi lenye kufuli tatu. Kosa lake la simu liko benki, wakati uaminifu wake wa miaka mitano uko sandukuni.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeanza kuwatambua watu hawa, kwa kuviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne na SACCOS katika daraja la tatu. Kikundi kilichosajiliwa na kinachotunza vitabu vyake vizuri kina ushahidi wa kupeleka mbele ya mkopeshaji. Kisichosajiliwa kina maneno tu.

Hali ni hiyohiyo kwa mauzo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, chini ya sheria ya mwaka 2005, mkulima anayepeleka mzigo wake AMCOS anaacha alama ya kilo, daraja, bei na malipo yaliyoingia kwenye akaunti. Anayeuza kwa kangomba anapata fedha taslimu siku hiyohiyo lakini haachi alama yoyote. Wakulima wa Mtwara na Lindi waliona uzito wa jambo hilo msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo. Uhakiki ulifanyika kabla ya malipo, na wenye mizigo mikubwa walitakiwa kuonyesha mashamba yanayolingana na mizigo hiyo. Lengo lilikuwa kuwanasa walanguzi wa kangomba, lakini somo lilibaki kwa wote kwamba korosho bila kumbukumbu ya shamba ilikuwa na maswali.

Vilevile usajili wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, ulioanza msimu wa 2022/2023, umeweka majina na ukubwa wa mashamba kwenye daftari la Serikali. Aliyetaja ekari zake sawasawa ana ushahidi. Aliyeongeza ekari ili apate mifuko mingi ameacha maandishi ambayo siku moja yatalinganishwa na mavuno yake.

Kufuta kumbukumbu si dawa

Baadhi ya wadau wanapendekeza kumbukumbu hizi zifutwe kabisa kwa wakulima. Pendekezo hilo lina huruma, lakini litawaumiza walewale linaotaka kuwasaidia. Benki isiyojua historia ya mtu haimkopeshi kwa imani, humdai hati ya nyumba. Mkulima asiye na hati, ambaye ndiye wengi, hubaki na kitu kimoja tu cha kuweka mezani, nacho ni historia ya kulipa. Ikifutwa, mwaminifu na mjanja wanakuwa sawa, na riba hupangwa kwa kumfikiria mjanja.

Kinachohitajika ni kumbukumbu zinazosema kweli yote. Kwanza, mkopo unaotolewa kwa shughuli ya kilimo upangiwe tarehe ya kulipa inayofuata mavuno ya zao husika, ili kuchelewa kuhesabike kuanzia hapo. Pili, kiwango cha chini cha deni linaloweza kumharibia mtu jina kiwekwe wazi, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2020. Tatu, AMCOS, SACCOS na vikundi vilivyosajiliwa viwezeshwe kupeleka habari nzuri za wanachama wao, si zile mbaya tu. Nne, mkopaji aarifiwe kabla jina lake halijapelekwa. Kanuni za Kenya zinataka apewe taarifa siku 30 kabla, muda unaotosha mtu kuuza kuku au mbuzi na kumaliza deni.

La kufanya sasa

Mkulima hawezi kusubiri kanuni zibadilike ndipo alinde jina lake. La kwanza ni kutochukua mkopo wa siku 30 kwa mahitaji ya msimu mzima. Mkopo wa simu utumike pale tu ambapo fedha ya kuulipa inajulikana itatoka wapi ndani ya mwezi huo, kwa mfano maziwa, mayai au mboga.

La pili ni kutoazimisha laini ya simu wala kitambulisho. Mkopo uliochukuliwa na kijana wa nyumbani kwa laini ya baba ni mkopo wa baba. Hali kadhalika, kumdhamini rafiki ni kukubali kwamba deni lake laweza kuwa deni la mdhamini.

La tatu ni kuomba ripoti yake mwenyewe miezi kadhaa kabla ya kuomba mkopo, si siku ya kukataliwa. Kenya mteja ana haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Tanzania mteja anaweza kuiomba kwa kampuni zenye leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zenye makosa zirekebishwe. Anayelipa deni la zamani adai uthibitisho wa maandishi na autunze pamoja na hati zake.

La nne ni kujenga kumbukumbu njema kwa makusudi. Risiti za pembejeo, hati za malipo za AMCOS, kitabu cha SACCOS na daftari la shamba lenye ekari, gharama na mavuno ya kila msimu havigharimu zaidi ya uangalifu. Ofisa mikopo akiuliza kuhusu zile Sh40,000, mkulima mwenye karatasi hizo anaweza kumwonyesha kuwa deni lilikwama Januari, mazao yakauzwa Julai na deni likalipwa Julai hiyohiyo. Asiye nazo ataishia kuapa, na hakuna benki inayokopesha kwa kiapo.

Msimu ujao wa maombi ya mikopo ya pembejeo utaanza kabla ya mvua za kwanza. Atakayekwenda benki siku hiyo ataulizwa habari za misimu iliyopita, na majibu mengine yatakuwa yameshaandikwa kabla hajafungua mdomo. Afadhali ayasome mapema.